Mama wa bomba alipata kura mbili chumbani kwetu, na kila mmoja wetu akadai moja ni yake

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Huwa nacheka na stori zenu, nabonyeza like, naondoka zangu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani tangu uchaguzi uliopita, na mke wangu amechoka kulisikia. Nitalisema lilivyokuwa, hata pale linaponivua nguo mimi mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha.

Niko Baraka, wilaya ya Fizi, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Kiswahili changu nitakinyoosha kidogo ili tuelewane na wa Tanga na wa Nairobi, ila watu wa kwetu wakiongea nitawaacha waongee kama kawaida yao.

Kazi yangu ni kuchaji simu.

Nina paneli za sola juu ya bati, betri za gari mbili, na kibanda cha mbao. Ukileta simu nabandika kipande cha plasta chenye namba, nakupa kikaratasi chenye namba hiyo hiyo, unaondoka au unasubiri. Wengi wanasubiri. Na watu wakisubiri simu ijae, katika Kongo hii, wataongea nini zaidi ya siasa?

Sisi tunaita parlement debout, yaani bunge la watu waliosimama. Hakuna kiti, hakuna spika, hakuna posho. Unafika, unachomekea neno lako, unabishiwa, unarudi nyumbani na simu imejaa. Hata jirani zetu Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda wakija sokoni walikuwa wanaleta simu kwangu kwa makusudi. Kura hawana, lakini walikuwa wanasema burudani ile haipatikani kwingine.

Hatua kama kumi kutoka kibanda changu kuna bomba la maji la mtaa. Bomba hilo lina kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa Mama Sifa.

Mama Sifa ni mjane. Asili yake ni Fizi kule juu mlimani, aliolewa huku chini, mume akafariki, akabaki na watoto wadogo. Saa kumi na moja alfajiri anafungua bomba, anapanga foleni ya bidoni, yaani madumu ya maji, wazee na wajawazito mbele, wenye nguvu nyuma. Ukileta ujanja bidoni yako inarudishwa mkia. Hapokei hata mia. Nyinyi mnaokaa mjini mnaweza kuona ni jambo dogo. Kwetu maji ya ziwani yakichafuka tunazika watu, kwa hiyo ufunguo ule si jambo dogo.

Sasa bomba lile lilikuwa linapasuka kila mara. Mama Sifa akaenda kwa kiongozi mmoja, simtaji na ofisi yake siitaji, akamwomba mtaa uongezewe bomba la pili. Yule bwana akamtazama toka kitambaa cha kichwani hadi kandambili, akamuuliza:

"Weye ulitumwa na nani?"

Akasema ametumwa na bamama wa foleni. Bwana akacheka, akamwambia foleni si cheo.

Alirudi amefura. Alisimama mbele ya kibanda changu na mkono kiunoni, akaniita kwa jina la mwanangu, "Papa Neema, mi nataka karatasi. Karatasi yenye iko na hesabu ya batu benye walinituma. Akiniuliza tena, ninaweka ku meza yake."

Ndivyo alivyoingia kwenye siasa. Chama kimoja kidogo kilikuwa kinatafuta mwanamke wa kujaza orodha yao ya bunge la jimbo, wakamwandika. Hakujidanganya hata siku moja. Alituambia wazi kwamba kiti hatapata, wilaya ni kubwa, hana hata mafuta ya boti ya kufika Ubwari ambako wenzake walikuwa wanakwenda na spika na kofia. Alichotaka ni kimoja tu: chumba chetu cha kupigia kura.

Nifafanue kidogo kwa wasiojua. Huku kura zikishahesabiwa, karatasi ya matokeo ya kila chumba inabandikwa mlangoni. Jina la mgombea, namba yake, kura zake. Kila mtu anasoma. Sisi wa kibandani tulijiandikisha siku moja, tukapangwa chumba kimoja kwenye shule ya msingi ya mtaa, darasa la nne. Mama Sifa alikuwa anataka karatasi ile ya darasa la nne. Apige picha, akamwonyeshe yule bwana kwamba hawa hapa ndio walionituma.

Kampeni ikaanza.

Wakuu, sijawahi kuona bunge letu limechangamka vile. Namba yake ya ugombea niliiandika mwenyewe kwa makaa kwenye boksi, nikaitundika juu ya kibanda. Safari, kijana wa pikipiki, mdomo kama redio, alikuwa akipita anapiga honi na kuitaja namba ile. Kila siku hoja, kila siku kelele.

Mtu mmoja tu alikuwa anampinga. Mzee Wilondja.

Huyu mzee alikuwa fundi cherehani, sasa macho yameingia ukungu, anamtambua mtu kwa sauti. Simu hana. Anachoniletea mimi ni karedio kake ka kuchaji, na kila siku ni lazima abishe. Akimsikia Mama Sifa tu, anamrukia na habari ya bomba, robine kwa lugha ya kwetu:

"Weye mwanamuke, ukienda Bukavu kukaa ku bunge, nani atatufunguliaka robine?"

"Mzee, mi siendi Bukavu. Mi natafuta robine ya pili."

"Banasemaka vile bote. Wakifika kule banasahau njia ya kurudi."

"Basi unipigie kura nisifike, lakini karatasi inijae!"

"Sikupigii."

Watu tunavunjika mbavu. Wiki tatu nzima, kila siku, Mzee akitupa jiwe, Mama Sifa akilidaka na kurudisha. Sisi wengine tulikuwa upande wa mama, tunapiga makofi. Nakumbuka nilimwona Mzee kama mtu mwenye roho ngumu. Mwanamke anakupanga mbele kwenye foleni kila asubuhi, halafu unamnyima kura hadharani? Nilimwambia hivyo usoni. Akanijibu nishughulike na waya zangu.

Jumapili ya mwisho ya kampeni Mama Sifa alipika. Ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na ndakala, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga. Akaleta sufuria hapo hapo kibandani. Tukala tukiwa tumesimama, kama bunge linavyotaka. Tulipomaliza Safari akasema kila mtu anyooshe mkono na aseme kwa kinywa chake.

Tukazunguka. "Kura yangu ni yako, Mama Sifa." Mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa anahesabu kwa vidole, vidole vikaisha, akaongeza kimoja cha mguu, akacheka hadi akafuta machozi. Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa nne, nikapaza sauti kuliko waliotangulia.

Mzee Wilondja alikuwa anatafuna mkia wa ndakala. Alipofikiwa akasema, "Mi siapi. Nilikuya kukula."

Tukamzomea.

Sasa wakuu, naomba mnielewe hapa, ingawa hata mimi sijielewi.

Kwetu orodha ya wagombea ni ndefu kama foleni ya maji. Viti vichache, majina mengi mno. Maana yake ni kwamba hakuna ukoo ambao hauna mtu wake pale. Na kura ya jimbo ni moja tu, huwezi kuigawa.

Siku mbili kabla ya kupiga, mjomba wangu aliteremka kutoka Lubondja. Kaka wa mama yangu. Kwetu mjomba ni mjomba, ndiye aliyenisimamia mahari. Alikuja na kuku amemfunga miguu, akakaa, akanywa maji, akauliza watoto. Alipomaliza yote hayo akasema, kwa upole kabisa:

"Mutoto wetu iko ku liste. Sitaki kukusumbua. Nilisema tu nikupatie kuku."

Mtoto wetu ni binamu yangu, anakaa Uvira. Huku tulimwona mara ya mwisho kwenye msiba.

Nikamwambia mjomba asiwe na wasiwasi. Usiku huo tulimla kuku, na mke wangu akaniuliza, "Na Mama Sifa?" Nikamwambia Mama Sifa ana watu kumi, mmoja akipungua haonekani.

Wakuu, shikeni hesabu hiyo. Mmoja akipungua haonekani.

Siku ya kura ilinyesha. Mashine ya chumba chetu iligoma asubuhi, nikasikia ni waliowahi sana tu ndio waliopita, wengine tukaambiwa turudi. Mimi niliingia mchana. Kwa wasioijua, ile mashine inakuonyesha sura za wagombea, unabonyeza sura, inatema karatasi, unaikunja na kuitumbukiza kwenye sanduku.

Nikamwona Mama Sifa pale kwenye kioo. Amevaa kile kitambaa cha bluu, amekaza uso kama anapanga bidoni. Kidole kilikuwa juu yake kabisa. Nikawaza kuku. Nikawaza mjomba akisoma karatasi ya mlangoni, maana alishasema atapita kuisoma. Nikasogeza kidole.

Nilitoka nje nikiwa na wino kwenye kidole na wala sikujisikia vibaya. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Niliona nimewafurahisha wote.

Asubuhi iliyofuata nikaenda darasa la nne kama mtu anayekwenda kuchukua cheti. Safari alikuwa pale, na wengine watatu wa kibandani. Wamekaa kimya. Safari kukaa kimya ni dalili mbaya.

Nikatafuta namba yake kwenye karatasi. Nikaipata. Mbele yake palikuwa pameandikwa 2.

Nilidhani wino ulikatika. Kweli kabisa, nilisogea nikatazama kama kuna tarakimu nyingine imefutika pembeni. Nikasugua na kidole. Nikahesabu mistari upya nikidhani nimesoma jina la chini yake. Mbili. Na kwa maneno wameandika, mbili.

Nikaanza kupiga hesabu, wakuu.

Moja ni yake mwenyewe, hilo halina mjadala, alipiga chumba hicho hicho. Imebaki moja. Sisi ni kumi na mmoja. Nikawatazama wenzangu, nao wakanitazama, na hakuna aliyemtazama mwenzake zaidi ya sekunde moja.

Safari ndiye aliyeanza. "Ile moja ni yangu," akasema.

"Aa, ni yangu," akasema mwenzake.

"Nyinyi bawongo. Mi nilibonyeza na hiki kidole!"

Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto wanne, nikasema, "Jamani, ile ni yangu."

Hadi saa nne, pale kibandani, kura ile moja ilikuwa na wenyewe tisa. Watu wanataka kushikana mashati kwa ajili ya kura ambayo hawakuipiga. Mmoja aliapa kwa kaburi la mama yake na mama yake yuko hai, anauza mawese sokoni. Ingekuwa siku nyingine tungecheka wiki nzima.

Nikaamua niende kwa Mama Sifa mwenyewe kabla wengine hawajamfikia. Nilimkuta uani anakoboa maharage. Alinikaribisha kigoda. Nikasema pole. Nikalaani watu wa Baraka, nikalaani ukabila, nikalaani wanafiki wanaokula ndakala wa mjane. Nilipomaliza kulaani nikainama kidogo nikamwambia, kwa sauti ya chini:

"Mama Sifa, mi nilitaka ujue. Ile moja ni ya mi."

Hakuinua uso. Aliendelea kukoboa. Akasema:

"Aksanti, Papa Neema. Uko muntu wa saba tangu asubui."

Basi. Maharage yanaanguka kwenye sinia, tik, tik. Sikumbuki nilivyotoka pale uani.

Kesho yake alfajiri bomba halikufunguliwa.

Foleni ilisimama hadi jua likapanda. Saa moja na nusu Mama Sifa akaja kibandani kwangu, amevaa vizuri kama anakwenda kanisani. Akaweka ufunguo juu ya meza yangu, katikati ya simu za watu.

"Uweke namba," akasema.

"Namba gani, mama?"

"Si unawekaka namba ku vitu vya batu? Uweke. Mutafute muntu mwenye mulimupigia kura, akuye achukue."

Nikabaki na plasta mkononi. Wanawake wa foleni wakaanza kumlilia. Aliwasalimia mmoja mmoja, akaondoka. Siku hiyo mtaa mzima uliteremka ziwani na bidoni. Mke wangu pia. Aliporudi aliweka bidoni chini kwa kishindo, nikaelewa.

Ufunguo ukabaki kwangu. Nikaogopa kuubandika namba, nikaogopa kuutumia. Siku ya tatu mtoto wa jirani akaanza kuhara, nikapiga moyo konde, nikafungua bomba mwenyewe. Sijui kupanga foleni. Palikuwa na ugomvi, bidoni mbili zilipasuka, mama mjamzito mmoja aliondoka bila maji. Mama Sifa alikuja na bidoni yake, akaipanga mkia kama mtu yeyote. Zamu yake ilipofika alisema tu, "Bonjour, Papa Neema," akachota, akaenda.

Wakuu, hiyo "bonjour" kila asubuhi, heri matusi.

Jumamosi yake Mzee Wilondja akaja na karedio kake. Bunge lilikuwa limekufa, hakuna mtu aliyekuwa anasimama pale tena, wanaacha simu wanakimbia. Tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa natafuta wa kumtupia mzigo, nikamwambia kwa hasira:

"Bon, Mzee, umefurahi sasa? Ulisema hutamupigia, na Mama Sifa ameiacha robine kweli."

Akageuza uso upande wangu, yale macho yake yenye ukungu.

"Nani alikuambia sikumupigia?"

Nikacheka. "Mzee, tafazali. Hata weye? Basi uko wa kumi."

"Weye Papa Neema uko na akili ndogo. Mi sioni. Ningebonyeza namna gani peke yangu?"

Kisha akanieleza, taratibu, huku anapapasa waya wa redio.

Alikuwa ameshafika shuleni kabla mlango haujafunguliwa, na Mama Sifa yuko nyuma yake kwenye mstari. Walipoingia akamwambia msimamizi kwamba macho yake hayaoni, anahitaji mtu wa kumsaidia kama inavyoruhusiwa, na mtu aliyemchagua ni huyu mama. Msimamizi akashtuka, akasema lakini huyu ni mgombea. Mzee akasema, "Mi sioni, lakini hiyo nilishaka kuona." Wakashauriana, wakamwachia.

Ndani, mbele ya ile mashine, Mama Sifa akamuuliza sura ya nani.

"Nikamuambia, bonyeza ya kwako. Akasema, Mzee, si ulikatala? Nikamuambia, mi nilikukatalia mbele ya macho yako wiki tatu, na weye ulinijibu wiki tatu, hukuchoka. Muntu mwenye kunijibu, huyo njo atajibu na bakubwa. Bonyeza, batu banangoja."

"Akafanya nini?" nikauliza.

"Alilia. Akaharibu wakati. Nikamukaripia."

Nilikaa chini, hapo hapo kwenye udongo.

Kwa sababu nilielewa, wakuu. Kura ile moja, Mama Sifa aliibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Alimjua mwenye kura hiyo toka asubuhi ya kupiga. Nilipokaa kwenye kigoda chake nikainama na kushusha sauti yangu ya huruma, alikuwa anajua. Safari alipokwenda, alikuwa anajua. Sote saba alitupokea, akatupa kigoda, akatuacha tuseme uongo wetu hadi mwisho, akasema asante.

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kukimbia risasi kama kila mtu wa huku. Sijawahi kushtuka vile.

"Mbona hukusema?" nilimuuliza Mzee. "Watu walikuwa wanapigana juu ya kura yako!"

"Ningesema ya nini? Bote mulikuwa mumeshaichukua."

Siku hiyo sikula. Nilimweleza mke wangu. Akasema neno moja, "Nenda." Nikasema nitaenda kwake jioni. Akasema hapana, kura mliahidi mbele ya watu, uongo mkautoa mbele ya watu, kwa nini ukweli uende kwa siri?

Jumatatu alfajiri nikafungua bomba. Foleni ilikuwa ndefu. Safari alikuwepo na bidoni nne kwenye pikipiki, na wengine wa kibandani walikuwepo pia, kila mtu anakunywa maji. Zamu ya Mama Sifa ikafika. Akasema bonjour yake. Badala ya kuitikia nikafunga bomba.

"Mama Sifa," nikasema kwa nguvu, "mi sikukupigia kura. Nilipigia mutoto wa mujomba. Na ile siku nilikudanganya."

Foleni yote ikanigeukia.

Nilikuwa nangoja anitukane. Sauti ikatoka nyuma, kwenye pikipiki.

"Na mi pia," akasema Safari. "Nilipigia shemeji."

Halafu mwingine, "Mi pia." Halafu mama mmoja aliyekuwa anatazama chini, "Mi pia, Mama Sifa. Ni bakwe zangu walinibana." Walisema watano, kama siku ile ya ndakala ila bila makofi. Wengine walikaa wanatazama bidoni zao, na mmoja aliacha zamu yake akaondoka. Kila mmoja alikuwa na ndugu yake kwenye orodha. Kila mmoja alijua wengine watampigia mama, na kwamba yeye akipungua haonekani.

Mama Sifa alisimama, mkono kiunoni, akasikiliza hadi mwisho. Akaniambia:

"Fungua robine. Batu banangoja."

Nikafungua. Akachota, akajitwika, akaenda. Ufunguo hakuuliza.

Sasa la mwisho. Wiki iliyopita bomba lilipasuka tena. Kwa kuwa ufunguo ninao mimi, ikabidi niende mimi kwa yule bwana. Nikavaa shati la kola. Nikamweleza shida ya mtaa, nikamwomba na bomba la pili. Akanitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Weye ulitumwa na nani?"

Nikafungua mdomo. Nikatafuta jibu, wakuu, nikalitafuta kweli. Nikaona ile karatasi ya darasa la nne. Nikaondoka bila kuaga.

Mama Sifa alikuwa barabarani anarudi sokoni. Akaniona na shati langu, akajua nilikotoka.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ulijibu nini?"

"Nilikosa cha kujibu."

Akacheka. Mara ya kwanza tangu uchaguzi. Akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Bon," akasema. "Sasa tuko babili."

Akaenda zake, na mimi nimebaki na ufunguo shingoni hadi leo ninavyoandika.

Nililojifunza nitalisema kwa ufupi, sina cheo cha kufundisha mtu. Tuliompigia makofi tulimwacha, na aliyekuwa anambishia kila siku ndiye aliyemsindikiza hadi kwenye mashine. Siku hizi mtu akinikubalia haraka haraka naogopa. Na kura yangu sitaihesabia tena kwenye mkono wa jirani.

Karibuni mchangie, hata wa kunitukana njooni, nimestahili. Ila kabla hujanitukana jiulize kwanza: ungekuwa na sisi siku ile, na mjomba wako amekuletea kuku, Mama Sifa angekwambia wewe ni mtu wa ngapi?